Honda CG125: oili, valvu na vipuri vya kufanana kwa sura

Honda CG125 iliingia barabarani katikati ya miaka ya 1970. Uingereza iliuzwa kuanzia 1976 mpaka 2008, Honda walipoiondoa Ulaya na kuweka CBF125 mahali pake. Pakistan bado wanaiunda. Huku kwetu CG halisi zimebaki chache, lakini injini yake imejaa vijiwe vya bodaboda, kwa sababu viwanda vya China viliinakili na kuifunga kwenye pikipiki za majina mengi. Kwa hiyo anayejua kutibu CG ya mwaka 1982 anaweza pia kutibu bodaboda iliyotoka dukani juzi, ilimradi ajue mahali zinapoachana.

Nyingi kati ya injini hizi zinazoletwa gereji zikiwa zimenoki zilianza na ugonjwa mdogo, ukatibiwa kwa kubahatisha. Valvu inakaza, fundi anabadilisha plagi. Plagi mpya haisaidii, kabureta linafunguliwa. Kabureta likishachokonolewa kwa waya halirudi kuwa lilivyokuwa, na sasa pikipiki ina magonjwa mawili. Mashine hii inapimika kwa vifaa vya bei ndogo: filageji (vibati vyembamba vya kupimia mianya), mita ya umeme, spana, na kaliba (ya kupimia unene na kipenyo) kwa anayeweza kuinunua. Yafuatayo yote yanategemea kupima kwanza.

Maumbile yake kwa ufupi. Silinda moja inayopozwa na hewa, kipenyo milimita 56.5, mwendo wa pistoni milimita 49.5, jumla sentimita za ujazo 124. Kamu, shafti inayofungua valvu, haiko juu kwenye silinda hedi wala haizungushwi na cheni. Iko chini, inazungushwa na gia kutoka kwenye krenki (shafti inayozungushwa na pistoni), na nguvu yake inapanda kwa pushirodi mbili, yaani fito za chuma, mpaka kwenye roka, mikono inayobonyeza valvu. Hakuna cheni ya kamu ya kulegea wala kidhibiti cheni cha kuchoka, na hiyo ni sababu kubwa ya injini hii kuvumilia matunzo hafifu. Za mwanzo zilikuwa na gia nne, umeme wa volti 6 na pointi (swichi ya chuma inayokata umeme ili cheche itoke). Baadaye zikaja za gia tano, volti 12 na CDI, kisanduku cha elektroniki kinachofanya kazi ya pointi. Stata ya umeme na breki ya diski mbele zilikuja miaka ya mwisho mwisho.

Oili na chujio lisilojulikana

CG haina chujio la oili la karatasi. Wengi wanajua hilo na wanaishia hapo, wakidhani haina chujio kabisa. Inayo mawili. La kwanza ni wavu wa chuma wenye springi, ambao kwenye nyingi unakaa nyuma ya kizibo kikubwa chini ya injini. La pili ni kikombe kinachozunguka pamoja na krenki, upande wa kulia, ndani ya kifuniko cha klachi. Oili inapita ndani ya kikombe hicho kabla ya kwenda kwenye beringi ya konrodi, mkono unaounganisha pistoni na krenki. Kikizunguka kwa kasi, uchafu mzito unatupwa pembeni na kuganda ukutani, na oili safi inaendelea na safari.

Kikombe hicho kikijaa hakina pa kuweka uchafu mwingine. Tope linapunguza nafasi ya oili kupita, na chembe zinaanza kwenda kule kule zilikokuwa zinazuiwa kwenda. Beringi ya chini ya konrodi ndiyo inayolipa. Mwenye pikipiki atasema injini ilinoki ghafla ilhali alikuwa anabadilisha oili kila mara. Alikuwa anabadilisha kweli, ila kikombe hakijawahi kufunguliwa tangu kiwandani. Binafsi nasema kifunguliwe kila kilomita 10,000 hivi, na kila mara kifuniko cha klachi kinapotolewa kwa sababu nyingine yoyote. Kufika pale na kuacha kukisafisha ni kupoteza kazi ambayo tayari umeifanya.

Kazi yenyewe inakwenda hivi. Washa injini dakika tatu au nne ili oili iwe nyepesi, kisha imwage. Wavu wa chini ukitoka, usafishe kwa petroli na uangalie mpira wa kizibo. Toa mkono wa kiki, legeza kebo ya klachi, halafu fungua bolti za kifuniko cha kulia, karibu zote zikiwa za spana namba 8. Hazilingani urefu. Chora umbo la kifuniko kwenye kipande cha boksi na utoboe kila bolti mahali pake, kwa sababu bolti ndefu ikiingia kwenye tundu fupi itapasua aluminiamu na hutajua mpaka oili ianze kuvuja. Kifuniko kikigoma, kigonge taratibu kwa nyundo ya mpira pande zote. Usiingize bisibisi kati ya nyuso mbili; mkwaruzo mmoja utavujisha oili kila siku.

Kwenye ncha ya krenki utaona mfuniko wa duara wenye skrubu tatu. Skrubu hizi ni laini na bisibisi iliyochakaa itazila vichwa. Tumia bisibisi inayojaa kabisa, igonge kwa nyundo mara moja kabla ya kuzungusha. Ndani, paruza tope kwa kijiti au plastiki, kisha futa kwa kitambaa kilicholowa petroli. Uangalifu wote uwe kwenye tundu la katikati: usisukume uchafu humo, maana njia hiyo inaelekea moja kwa moja kwenye beringi ya konrodi.

Lisome tope kabla ya kulitupa. Ujiujiu wa kijivu au mweusi ni vumbi la klachi na kaboni, jambo la kawaida. Vipande vinavyong'aa vya chuma ni gia au beringi. Rangi ya shaba ni bushi. Ukikuta chembe za kung'aa nyingi, usifunge na kuondoka. Shika konrodi na upime uchezaji wake kabla injini haijaamua yenyewe.

Rudisha gasketi mpya ya kifuniko na oili. Kiasi cha kubadilisha ni kama lita 0.9, injini iliyofunguliwa yote inahitaji zaidi kidogo. Kijiti cha kupimia kinapimwa pikipiki ikiwa imesimama wima, na kijiti kinawekwa tu juu ya tundu bila kukizungusha kuingia kwenye nyuzi. Ukikikaza kwanza kitasoma zaidi ya kilichomo, na injini yenye chini ya lita moja haina oili ya kupunjwa. Aina ni 10W-40 au 20W-50 kwa maeneo ya joto, yenye alama ya JASO MA, ya oili za pikipiki. Oili nyingi za kisasa za magari madogo zina kemikali za kupunguza msuguano, na klachi ya CG inaogelea ndani ya oili hiyo hiyo. Matokeo ni klachi inayoteleza ingawa sahani ni nzima. Kwa bodaboda inayofanya kazi mchana kutwa, kilomita 1,500 hadi 2,000 ndizo ninazozikubali kati ya oili na oili.

Valvu: ukimya ndio wa kuogopa

Nafasi ya valvu, yaani mwanya kati ya roka na ncha ya valvu, ni milimita 0.08, ya kuingiza na ya kutoa sawa, injini ikiwa baridi. Maana ya baridi ni kwamba imelala usiku kucha. Kupima baada ya kuipumzisha nusu saa kijiweni ni kujidanganya, kwa sababu vyuma vimetanuka kwa viwango tofauti na namba utakayopata siyo.

Madereva wengi wanataka injini isiyolia kabisa, na mafundi wanawaridhisha kwa kukaza tapeti (skrubu za kurekebisha nafasi hiyo) mpaka kimya. Hapo ndipo valvu ya kutoa moshi inapoungua. Valvu hupoa inapokaa kwenye kiti chake na kukabidhi joto kwa silinda hedi. Isipofunga sawasawa haipati muda huo, gesi ya moto inapenya ukingoni, na ukingo unaliwa. Dalili zinakuja kwa mpangilio: kwanza pikipiki inakuwa ngumu kuwaka ikiwa ya moto, kisha mzungo wa chini (injini ikiwaka bila kuvutwa mafuta) unayumba, kisha eksozi inapiga vishindo ukiachia mafuta, mwisho nguvu inaisha mlimani. Mlio mwepesi wa tapeti injini ikiwa baridi ni wa kawaida kwa injini ya pushirodi. Uacheni.

Toa plagi ili injini izunguke kwa urahisi. Fungua kifuniko cha juu cha silinda hedi na kile cha upande wa magneto, gurudumu la sumaku linalotengeneza umeme. Zungusha magneto kinyume cha saa mpaka alama ya T ilingane na alama iliyo kwenye ukuta wa injini. Sasa shika roka zote mbili na uzitikise. Zikicheza zote, pistoni iko juu kwenye mbano, valvu zote zimefungwa, na unaweza kupima. Moja ikiwa imekaza, hauko kwenye mbano. Zungusha duara moja kamili urudi kwenye T. Filageji ya 0.08 ipite kwa kuvutwa kidogo, ile ya 0.10 ikatae. Legeza nati, rekebisha, na unapokaza nati shikilia skrubu isizunguke. Pima tena baada ya kukaza, kwa sababu karibu kila mara nafasi inabadilika nati inapobana.

Kama kila unapopima nafasi imepanuka, na mlio unarudi baada ya siku chache, acha kurekebisha. Tazama kwanza ncha za roka na ncha za pushirodi. Ncha ya roka iliyochimbika inadanganya filageji: filageji inalala juu ya kingo wakati skrubu inagusa shimoni, hivyo unasoma 0.08 na ukweli ni mkubwa zaidi. Zikiwa nzima, tatizo limeshuka kwenye kamu na vifuasi vyake, vipande vinavyokaa kati ya kamu na pushirodi. CG ina kilima kimoja cha kamu kinachosukuma vifuasi viwili, kwa hiyo kikilika valvu zote mbili zinapoteza mwinuko pamoja, na pikipiki inakuwa nzito kwa kasi ya juu huku mzungo wa chini ukiwa mzuri. Badilisha kamu na vifuasi kwa pamoja. Kifuasi cha zamani juu ya kamu mpya kitaila kwa muda mfupi. Gia ya kamu na gia ya krenki zina nukta. Nukta ielekee nukta.

Baada ya silinda hedi kurudishwa, pushirodi inaweza kukaa pembeni ya kikombe chake badala ya ndani. Roka itaonekana imeshika, bolti zitakazwa, na teke la kwanza la kiki litaipinda. Zungusha injini kwa mkono mizunguko miwili kamili huku ukitazama roka zote zikipanda na kushuka, ndipo uguse kiki.

Moshi na kula oili

Moshi wa bluu unaotoka asubuhi inapowaka kisha ukaisha ni sili za valvu. Oili ilishuka taratibu usiku, ikaungua yote kwa dakika moja. Moshi wa bluu unaoongezeka kila unapovuta mafuta, hasa ukiwa na mzigo, ni ringi au silinda. Wa kwanza unatibiwa kwa sili na, kama gaidi za valvu (mirija ambamo shina la valvu linateleza) zimelika, gaidi. Watu wanachonga bloku la silinda kwa ugonjwa wa sili, na moshi unabaki pale pale.

Kutofautisha: pima mbano, kisha tia kijiko cha oili kupitia tundu la plagi, zungusha kwa kiki mara kadhaa, halafu pima tena. Mbano ukipanda sana kuliko ulivyokuwa mkavu, ringi ndizo zinazovujisha. Usipobadilika, hewa inapitia kwenye valvu au gasketi ya hedi. Asiye na geji ya mbano anaweza kuhisi tofauti kwa mkono juu ya kiki, ingawa geji haina mbadala ikiwa unataka kumshawishi mwenye pikipiki atoe pesa.

Kabla ya kununua ringi, zipime ndani ya silinda. Isukume ringi moja kwa pistoni ili ikae sawa, kisha pitisha filageji kwenye mwanya. Ringi mpya ya pistoni hii iwe kati ya milimita 0.15 na 0.35. Ikifika 0.5 imekwisha. Ringi mpya ikionyesha 0.5 ndani ya silinda yako, silinda ndiyo iliyopanuka, na ringi hizo ni pesa iliyotupwa. Chonga uende saizi inayofuata: 56.75, 57.00, 57.25 au 57.50, zile ambazo dukani zinaitwa 25, 50, 75 na 100. Nunua pistoni kwanza, mpelekee mchongaji pamoja na bloku, achonge kwa kipimo cha pistoni ile. Pistoni mbili za saizi 50 kutoka maboksi mawili zinaweza kutofautiana kwa kiasi kinachotosha kuzifanya zikwame au zigonge.

Chanzo cha silinda kulika haraka mara nyingi kiko kabla ya kabureta, yaani chujio la hewa. Barabara ya vumbi, sponji lililochanika au lililotolewa kabisa eti pikipiki ipumue, na bloku jipya linaisha kabla ya mwaka. Sponji lioshwe kwa maji ya sabuni, likauke, lilowekwe oili ya injini kidogo na likamuliwe mpaka lisidondoshe.

Umeme wa kuwasha

CG za CDI, nyingi zao, zinatengeneza cheche kwa umeme unaotoka moja kwa moja kwenye magneto. Betri inaweza kufa kabisa na pikipiki ikawaka kwa kiki. Kwa hiyo kununua betri kwa ajili ya pikipiki isiyo na cheche ni kupoteza pesa.

Rangi za waya za Honda zimefuatwa na nakala nyingi, na kuzikariri kunaokoa muda: kijani ni ardhi, nyekundu ni betri chanya, nyeusi ni umeme baada ya swichi ya ufunguo, njano ni koili ya taa, nyeusi yenye mstari mwekundu ni koili inayolisha CDI, bluu yenye mstari wa njano ni ya kuhisi mzunguko, na nyeusi yenye mstari mweupe ni waya wa kuzima. Ukikosa cheche, anza na huo wa mwisho. Uchomoe kutoka kwenye CDI. Cheche ikirudi, ugonjwa uko kwenye swichi ya ufunguo au waya uliochubuka chini ya tangi, mahali usukani unapoukunja kila kona. Umetumia dakika mbili na hujanunua kitu.

Cheche isiporudi, kagua kifuniko cha plagi, kisha koili, kisha viunganishi vyote vya magneto. Oili na maji hujikusanya humo. Pikipiki inayozima ikichemka na kuwaka ikipoa ina koili inayokatika kwa joto, na lazima ipimwe ikiwa bado ya moto. Ikipoa itapita kila kipimo.

Za pointi zinataka mwanya wa milimita 0.3 hadi 0.4. Pointi zikiungua haraka na cheche kuwa ya njano dhaifu, kondensa imechoka. Kusugua pointi kwa msasa kutakupa wiki moja. Na pikipiki inayorudisha kiki kwa nguvu mguuni, au iliyobadilika ghafla bila kuguswa, ifunguliwe magneto. Kifunguo kidogo cha chuma kinachoishikilia kwenye krenki huenda kimekatika nusu, na majira ya cheche yamesogea. Toa magneto kwa pula yake, kifaa cha kuivutia. Patasi na nyundo huvunja sumaku ndani na kupinda ncha ya krenki.

Plagi ni NGK D8EA, mwanya 0.6 hadi 0.7. Ya Kichina inayolingana nayo ni D8TC. A7TC ni ya uzi mwembamba wa milimita 10 na haishiki kwenye tundu la milimita 12, lakini utaipewa dukani kwa sababu tu umesema unataka ya pikipiki.

Kabureta

Nitapita haraka hapa, kwa kuwa kabureta linafunguliwa mno bila hatia. Kabla ya kuligusa, hakikisha koki inamwaga petroli kwa mfululizo na tundu la hewa la mfuniko wa tangi halijaziba. Pikipiki inayozima baada ya kilomita chache kisha kuwaka ukifungua mfuniko imeshakuambia. Mzungo wa chini unaopanda na kushuka wenyewe ni hewa inayoingia kati ya kabureta na hedi. Pakaza maji ya sabuni kwenye kiungio injini ikiwaka usikilize mabadiliko. Mpira wa pale ni wa bei ndogo. Flanji iliyopinda kwa kukazwa kupita kiasi isuguliwe juu ya kioo chenye msasa laini.

Jeti isafishwe kwa hewa ya kompresa au uzi wa nailoni. Waya wa chuma hupanua tundu na pikipiki inaanza kunywa mafuta. Skrubu ya mchanganyiko ikazwe taratibu mpaka iguse, irudishwe mzunguko mmoja na nusu, injini ikiwa ya moto uitafute mahali mzungo unapopanda juu zaidi, halafu shusha kwa skrubu ya mzungo mpaka kama 1,400 kwa dakika.

Klachi, gia na cheni

Mkono wa klachi uwe na uchezaji wa milimita 10 hadi 20 kwenye ncha. Ukikosekana, klachi inateleza na kuungua. Ukizidi, gia zinalia na gia huru haipatikani. Ukifungua klachi, hesabu sahani na uziweke kwa mpangilio zilivyotoka. Springi ni nne, na bolti zake zikazwe kwa msalaba, kidogo kidogo. Angalia pia meno ya kikapu kinachobeba sahani: yakiwa na vichimbo, sahani zinakwama humo na klachi inashtuka. Vichimbo vidogo vinasuguliwa kwa faili. Virefu, nunua kikapu.

Spoketi ya mbele inashikiliwa na kibati chenye bolti mbili ndogo. Bolti moja ikidondoka, spoketi inatembea huku na huku na kula meno ya shafti, na shafti hiyo huwezi kuibadilisha bila kupasua injini nzima. Kila unapokaza cheni, shika spoketi uitikise. Cheni ni 428, na ulegevu wake uwe kama milimita 20 katikati, ukipimia mahali cheni inapokaza zaidi. CG halisi ilikuja na boksi lililofunika cheni yote, na ilisaidia sana. Anayelitoa kwa sababu linapiga kelele angelikaza tu bolti zake.

Vipuri: nunua kwa kipimo

Kwa mwenye CG halisi, wingi wa nakala za Kichina ni neema yenye masharti. Gasketi, sahani za klachi, roka, pushirodi, sili, cheni na kabureta aina ya PZ26 vinapatikana kila mji na vingi vinaingia. Vingine vinafanana kwa macho tu.

Soma namba iliyopigwa kwenye injini. 156FMI: 1 ni silinda moja, 56 ni kipenyo kwa milimita, F ni kupozwa na hewa, M ni pikipiki, na I ni kundi la ujazo wa 125. 162FMJ ina kipenyo cha 62 na ni kundi la 150. Lakini namba kama 157FMI na 162FMJ zimepigwa pia kwenye injini zenye cheni ya kamu, kwa hiyo usinunue gasketi za hedi kwa namba peke yake. Tazama injini yenyewe. Ikiwa na kidhibiti cheni nyuma ya bloku na mfuniko wa kamu wa duara ubavuni mwa hedi, siyo ya pushirodi, na karibu hakuna kitu cha juu kitakachoingiliana na CG.

Baadhi ya nakala za gia tano zina shafti ya kusawazisha mtetemo ambayo CG za zamani hazina, na krenki zake hazibadilishani. Pistoni inapimwa vitu vitatu: kipenyo, kipenyo cha pini, na urefu kutoka katikati ya pini hadi juu. Cha tatu kinasahaulika, na pistoni ndefu kwa milimita moja itagusa valvu. Pushirodi mpya ilale sambamba na ya zamani juu ya kioo, urefu uwe sawa kabisa. Sahani za klachi zipimwe unene na zihesabiwe. Kwa umeme, CDI na koili ya kuhisi zitoke kwenye mfumo mmoja, kwa sababu kiunganishi cha waya kuingia hakumaanishi majira ya cheche yatakuwa sahihi.

Nenda dukani na kipuri cha zamani mfukoni, kikiwa kimeoshwa, na kaliba mkononi. Muuzaji mzuri hatakasirika ukipima mbele yake. Kwa vile vinavyobeba uhai wa injini, yaani konrodi, beringi za krenki na valvu, tafuta vilivyotengenezwa kwa CG yenyewe, hata kama ni vya Pakistan na vinachelewa kufika. Kwa gasketi na sili, za Kichina zinatosha, mradi midomo ya sili iwe laini na uipake oili kabla ya kuingiza.